Mdagu, au waridi la jangwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mdagu ni mti gani hasa? Ni waridi kweli?

Si waridi. Ni wa ukoo mmoja na oleanda, kichaka cha mapambo, na jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Neno Adenium limetokana na Aden, bandari ya Yemen, na obesum ni Kilatini chenye maana ya mnene. Ukiliona shina lake huna haja ya kuuliza kwa nini. Maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yalikuwa ya mtaalamu wa mimea Peter Forsskål. Yalichapishwa mwaka 1775, miaka kumi na miwili baada ya yeye kufia Yemen.

Wauzaji wa miche barabarani huupachika jina la waridi la jangwani na wateja hudhani ni mti wa kigeni. Ni mti wa kwetu. Unaota wenyewe katika nyika za Tsavo, vilevile kaskazini mwa Kenya na sehemu kavu za Tanzania. Unaenea kupitia Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, hadi Senegali, na ng'ambo ya bahari unaota Yemen na Dhofar, Oman. Huko porini hufika mita moja hadi tatu, mara nyingi katikati ya mawe, ukiwa na maua ya waridi au mekundu yenye upana wa sentimita tano hivi. Ile ya maua ya njano, ya tabaka mbili tatu, au yenye wekundu unaokaribia weusi imetokana na kazi ya wakuzaji, hasa wa Thailand na Taiwan.

Sehemu ya chini ya shina iliyovimba tutaiita kitako. Ndilo tangi la maji la mti huu, na karibu kila jibu katika ukurasa huu linarudi hapo.

Nimeumwagilia kila siku kama maua mengine, sasa shina limelainika. Nini kimetokea?

Huenda mti umeoza. Kwenye chungu, midagu mingi inayokufa huuawa na maji. Mizizi yake ni minene na imejaa maji tayari. Udongo ukilowa siku nyingi mfululizo hewa inaisha, ncha za mizizi zinakufa, ukungu unaingia hapo na kupanda hadi kwenye kitako. Majani ya njano huja mwisho, uozo ukiwa umeshafika mbali.

Lakini usikate kabla ya kuhakikisha, kwa sababu kiu nayo hulainisha kitako. Bonyeza kwa kidole gumba pande zote. Ulaini wa kiu uko sawasawa kote. Ngozi imekunjamana kidogo, kitako kinabonyea kama mpira uliopungua upepo, na udongo ni mkavu. Ulaini wa uozo uko sehemu moja, mara nyingi karibu na udongo. Kidole kinazama, ngozi imegeuka kahawia, na ukiichuna unatoka majimaji yenye harufu. Mti wenye kiu umwagilie hadi maji yatoke chini, na baada ya siku mbili tatu kitako kitakuwa kigumu tena.

Mdagu uliooza unaweza kuokolewa?

Ndiyo, ikiwa bado una sehemu ngumu.

1. Ung'oe, kung'uta udongo wote, osha mizizi kwa maji na uiangalie mmoja mmoja.
2. Futa kisu chenye makali kwa spiriti. Kata sehemu yote laini.
3. Angalia nyama ya ndani. Inapaswa kuwa nyeupe au rangi ya krimu. Ukiona hata mstari mwembamba wa kahawia, futa kisu tena na ukate zaidi. Hapa ndipo watu wengi huuhurumia mti. Wanabakiza kadoa kadogo, na baada ya wiki mbili wanaanza upya.
4. Suuza utomvu kwa maji, acha kidonda kikauke kidogo, kisha kipake unga wa salfa, dawa ya ukungu yenye shaba, au unga wa mdalasini kama dawa haipo.
5. Utundike kivulini penye upepo siku saba hadi kumi, mpaka kidonda kiwe kikavu na kigumu kama gamba. Mti hautakufa, tangi lake liko ndani.
6. Upande kwenye mchanganyiko mkavu, na usimwagilie kwa wiki nzima ya kwanza. Baada ya hapo anza na maji kidogo.

Majani yote yanaweza kupukutika. Usiwe na wasiwasi mradi kitako ni kigumu.

Nimwagilie mara ngapi basi?

Acha kuhesabu siku, pima udongo. Chukua kijiti cha mshikaki, kizamishe hadi karibu na chini ya chungu, kiache dakika kumi, kisha kichomoe. Kikitoka na udongo uliogandamana au kikiwa na unyevu, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia kwa wingi mpaka maji yatiririke kwenye matundu, halafu mwaga yale yaliyobaki kwenye sahani ya chini.

Ili upate picha tu: Dar es Salaam au Mombasa wakati wa jua kali la Januari, chungu cha udongo cha sentimita 25 huhitaji maji kila baada ya siku tatu au nne, cha plastiki siku tano hadi saba. Masika ni habari nyingine. Kuanzia Machi hadi Mei uingize barazani au upenuni ambako mvua haifiki lakini jua lafika. Nairobi, Arusha au Mbeya, mwezi Juni hadi Agosti, mti hupumzika na mara moja kwa wiki mbili au tatu inatosha. Udongo baridi wenye maji huozesha upesi kuliko udongo wa joto wenye maji.

Udongo gani unafaa?

Udongo wa bustani mtupu haufai, hata ule mweusi mzuri wa kupandia mchicha. Huo hasa ndio usiofaa. Tunatumia:

- sehemu 4 za mchanga mnene wa mto, uliochekechwa ili vumbi litoke na kuoshwa
- sehemu 2 za vipande vya mkaa, matofali yaliyopondwa au mawe mepesi ya volkano, ukubwa wa punje ya mahindi
- sehemu 1 ya samadi iliyooza kabisa, isiyo na harufu
- sehemu 1 ya nyuzi za makumbi ya nazi au pumba za mpunga zilizochomwa

Mchanga wa baharini uache ufukweni. Una chumvi, na chembe zake ni ndogo mno.

Jaribio: jaza chungu, mimina lita moja ya maji kwa mara moja. Maji yakisimama juu zaidi ya sekunde kama tano, ongeza mchanga na mkaa. Shika konzi ya mchanganyiko uliolowa na uminye. Ukifungua kiganja unapaswa kuvunjika wenyewe.

Niweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke?

Hapana, ingawa karibu kila mtu anafanya hivyo. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye mawe yenye nafasi kubwa. Hukwama juu ya mawe, na ile sehemu ya majimaji iliyokuwa chini kabisa sasa imepanda hadi kwenye mizizi. Weka kipande cha wavu wa dirisha juu ya matundu kuzuia mchanga usimwagike, kisha jaza mchanganyiko uleule hadi juu.

Chungu kiwe kipana kuliko kina, na kisizidi kitako kwa zaidi ya sentimita tano kila upande. Chungu kikubwa mno hukaa na maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa.

Jua kiasi gani?

Yasipungue saa sita za jua la moja kwa moja. Chini ya hapo matawi hurefuka kutafuta mwanga, majani huachana, na maua huwa machache au hakuna kabisa. Mche uliotoka kivulini usiuweke juani siku moja. Uuzoeshe kwa jua la asubuhi kwa wiki moja au mbili, vinginevyo upande mmoja wa kitako utababuka, na kovu lile halifutiki.

Muscat na miji mingine ya Ghuba, ambako kiangazi hupita nyuzi 45, tatizo si majani ila chungu. Chungu cheusi cha plastiki kilichopigwa na jua la alasiri huipika mizizi. Tumia cha rangi nyeupe au cha udongo, na ukipe kivuli kuanzia saa nane mchana.

Una majani tele ila hautoi maua. Kwa nini?

Kwa mpangilio wa uwezekano: jua halitoshi, mbolea ina naitrojeni nyingi mno, au matawi hayajawahi kukatwa. Umri pia. Mche wa mbegu kwenye joto la pwani huanza kutoa maua kati ya miezi minane na kumi na minane, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kipande cha tawi la mti mwingine, hutoa mapema.

Urea iache kabisa. Inatoa matawi marefu, laini, yanayovutia wadudu. Tumia NPK 17-17-17 (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), nusu kijiko cha chai kwa chungu cha sentimita 25, kila wiki sita, wakati mti unakua tu. Iweke pembezoni mwa chungu, mbali na kitako, juu ya udongo ulio na unyevu. Mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi. Wakati wa baridi, usiweke chochote.

Nikate matawi lini, na vipi?

Maua ya mdagu hutoka kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo ncha nyingi ni maua mengi. Kata joto linapoanza kurudi, Agosti mwishoni au Septemba. Usikate ndani ya masika, kwa sababu kidonda kinacholoweshwa na mvua ndiyo mlango wa uozo.

Kata kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, kimshazari, sentimita moja juu ya alama ya jani. Bakiza kila tawi urefu wa sentimita 10 hadi 15, na ukate yote siku moja ili yachipue sawa. Ukiyakata kwa awamu, yale yaliyobaki marefu yatanyang'anya chakula. Kila ncha iliyokatwa hutoa machipukizi mawili au matatu, na maua hufuata kati ya wiki sita na kumi.

Tawi nililokata linaweza kuota?

Linaota vizuri. Chukua tawi la sentimita 15 hadi 20 lenye unene wa kidole, toa majani, likaushe kivulini siku tano, kisha lichomeke kwenye mchanga mnene ulio na unyevu mdogo. Mizizi huja baada ya wiki nne hadi sita.

Ila ujue unachopata. Mti wa tawi huwa na rangi ileile ya maua ya mama yake, lakini hautakuwa na kile kitako cha mviringo ambacho watu wengi ndicho wanachokitaka. Mizizi itanenepa na miaka, umbo litakuwa tofauti. Anayetaka kitako apande mbegu. Anayetaka kitako na rangi maalumu, abebeshe: mche wa mbegu chini, kikonyo (kipande cha tawi) cha rangi anayoitaka juu. Kata mche huo wa mbegu bapa mahali penye unene kama kidole, kata kikonyo cha sentimita tano hadi nane chenye unene huohuo, futa utomvu upesi kwa kitambaa safi, kutanisha ngozi na ngozi angalau upande mmoja, funga kwa utepe wa plastiki, na funika kwa mfuko mwepesi. Weka kivulini. Majani mapya yakionekana baada ya wiki mbili au tatu, toa mfuko taratibu.

Mbegu nazipata wapi? Mti wangu una maua mengi lakini hauzai.

Chavua (unga wa kiume wa ua) ya mdagu imefichwa, ndiyo maana. Chukua ua lililofunguka jana au juzi na uchane mrija wake kwa urefu, pole pole. Ndani utaona koni ndogo yenye pande tano, imetoa nyuzi ndefu zenye manyoya kwa juu. Koni hiyo ni mifuko ya chavua iliyoshikana, na chavua imo ndani, juu ya kilele cha sehemu ya kike. Nyuki wengi hawaipati.

Tumia kijiti cha meno au brashi nyembamba iliyoloweshwa kidogo. Fungua koni ya ua la kwanza juu, uguse chavua, ile ya manjano iliyopauka. Kisha nenda kwenye ua la mti mwingine, chana mrija wake bila kuling'oa, tafuta mwanya ulio chini ya koni, kati ya mifuko miwili, na uisukume chavua ndani humo kuelekea juu. Mti ule ule ukijichavushia wenyewe mara nyingi haushiki, kwa hiyo uwe na miti miwili isiyotokana na matawi ya mama mmoja. Fanya asubuhi, kwenye maua kumi, na ushukuru yakishika matatu.

Ikishika, baada ya wiki mbili tatu hutokea mapembe mawili yaliyotazamana kama ya ng'ombe. Hukomaa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Yafunge kwa uzi au sokisi ya nailoni kabla hayajapasuka. Kila mbegu ni kijiti cha kahawia chenye manyoya ncha zote mbili, na pembe likipasuka upepo unazipeleka kwa jirani.

Zinapandwaje?

Mbegu mbichi ni bora. Nunua za msimu huu au uache. Toa manyoya, ziloweke saa mbili hadi nne kwenye maji vuguvugu, zilaze juu ya mchanganyiko na uzifunike nusu sentimita tu. Weka trei mahali pa joto penye mwanga usio mkali, nyunyiza kila siku. Huota kati ya siku tatu na kumi. Miche ikifikia majani sita, yaani wiki ya tano hivi, ihamishie kila mmoja kwenye kikopo chake na upunguze maji. Kumwagilia kila siku ni kwa watoto tu.

Nifanyeje kitako kiwe kikubwa na mizizi ionekane juu?

Kila baada ya mwaka mmoja au miwili unapobadilisha chungu, upandishe mti sentimita mbili hadi tatu juu ya usawa wa zamani. Mizizi midogo ya pembeni ikate, mikubwa ipange kama miale. Acha ikauke siku tatu hadi tano kabla ya kupanda, kisha wiki nzima bila maji. Mizizi iliyokuwa udongoni haijawahi kuona jua, kwa hiyo ikinge kwa kitambaa au majani makavu wiki mbili za kwanza.

Wapo wanaotaka kitako kinenepe upesi kwa kukimwagilia zaidi. Kitako hunenepa kwa jua, chakula na muda.

Wadudu gani wanausumbua?

Vidung'ata: vitu vyeupe kama unga wa muhogo kwenye vikwapa vya majani, wakati mwingine hata mizizini. Vifute kwa pamba yenye spiriti, rudia kila siku tano kwa mara tatu, kwa sababu mayai hayafi.

Utitiri mwekundu: majani yanapauka kwa vidoa vidogo, utando mwembamba upo chini yake, msimu wa kiangazi. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, ni wao. Osha chini ya majani kwa maji ya nguvu, kisha nyunyiza sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni, siyo juani.

Vidukari vya njano vyenye miguu myeusi hukusanyika kwenye vikonyo vya maua. Sabuni ileile inavimaliza.

Halafu yupo kiwavi mmoja mnene wa kijani, mrefu kama kidole, mwenye macho mawili ya bandia ya buluu nyuma ya kichwa na kijipembe mkiani. Huyu ni mtoto wa nondo wa oleanda. Sumu ya mti haimdhuru, na kwa usiku mmoja anaweza kumaliza tawi zima. Huhitaji dawa: angalia vinyesi vyeusi chini, inua macho, mtoe kwa mkono.

Majani yanapukutika yote. Unakufa?

Kama ni msimu wa baridi au kiangazi kikali na kitako ni kigumu, unapumzika tu. Porini mara nyingi huchanua ukiwa hauna hata jani moja.

Ni kweli una sumu?

Kweli kabisa. Utomvu wake una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na wawindaji wa Afrika walichemsha mti huu kutengeneza sumu ya mishale. Vaa glavu unapokata, usiguse macho, nawa mikono kwa sabuni. Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi kwa dakika 15 na uende kliniki. Mtoto akitafuna jani au ua, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mti. Usimpe maziwa wala kumtapisha nyumbani. Mbuzi nao wakae mbali.

Kugusa shina kavu au kuuweka barazani hakuna madhara.

Unaweza kupandwa ardhini moja kwa moja?

Pwani, ndiyo, na unapendeza sana kwenye mawe ya matumbawe. Inua tuta la sentimita 30 la mchanga na kokoto, upande juu yake, na uwe mbali na bomba la maji ya kufulia. Nyanda za juu zenye mvua ndefu na baridi, baki na chungu unachoweza kukibeba.

Naishi Ulaya. Utavumilia?

Ndani ya nyumba, dirisha linalotazama kusini, joto lisishuke chini ya nyuzi 12. Kuanzia Novemba majani yakidondoka usimwagilie kabisa, au mpe vijiko viwili vitatu vya maji kwa mwezi. Mtoe nje Juni, usiku ukishakuwa na joto.

Nimeona mkubwa porini. Niung'oe?

Uache. Ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, na hata nje ya hifadhi mti wa umri ule una mizizi iliyojichomeka kati ya mawe. Ukiing'oa inachanika, na uozo unaanzia hapo. Ukikuta nje ya hifadhi pembe limeanza kupasuka, beba mbegu tano sita.